Vioo vya Saluni Kwenye Chumba cha Mihogo

Juzi kijana mmoja wa Kitui mjini alinitumia picha kwenye simu. Amekodi kontena, ameweka rafu na taa za kukuzia miche, na kuta zote amezifunika kwa karatasi ya alumini, ile ya kufungia nyama. Chini ya picha ameandika: "Mzee, unaonaje?"

Nilimjibu kwamba naona kuku aliye tayari kuingia ovenini.

Akanitumia vicheko saba, kisha akauliza kwa upole, "Sasa nitoe?"

Jibu fupi lilikuwa "toa." Lakini mtu anayeambiwa toa bila kuambiwa kwa nini, kesho ataweka kitu kibaya zaidi. Najua, kwa sababu mimi niliweka. Kwa hiyo nimeamua kuandika kwa urefu, yeye asome, na ninyi vijana wengine mnaofungia mimea ndani ya nyumba msome pia. Vuteni kiti. Kama mna miche ya kumwagilia, mwagilieni kwanza. Mimi sina haraka, nimestaafu.

Nilifanya kazi katika chumba cha miche cha ushirika mmoja, nje kidogo ya mji wa Salama. Kilikuwa stoo ya kunde zamani, na mpaka naondoka pale, mvua ikinyesha kuta zilinuka kunde. Kazi yetu ilikuwa kulea mihogo. Kila mgeni aliyeingia aliuliza swali lilelile: "Mutinda, Makueni hii yote ni jua tupu. Mbuzi wanagombania kivuli cha nguzo ya stima. Ninyi mmewasha taa mchana za nini?"

Swali zuri, na wewe pia utaulizwa, kwa hiyo jiandae. Mihogo yetu ilitoka maabara ndani ya chupa. Mche mmoja una urefu wa kidole, umekaa kwenye kitu kama uji mzito, haujawahi kuguswa na upepo. Ukiutoa ukauweka nje saa saba mchana, utakuwa umeuzika kabla chai haijapoa. Lazima ukae ndani kwanza, kwenye mwanga wa taa, ukaze shina kidogo kidogo. Halafu kuna nzi weupe, wale wadogo wanaoruka kama vumbi ukitikisa jani. Hao ndio wanaobeba ugonjwa unaokunja majani ya muhogo na kuyatia madoa ya njano. Ndani ya chumba kilichofungwa vizuri hawaingii.

Sasa nikwambie jambo ambalo lilinichukua muda mrefu kulielewa. Taa haijui mmea uko wapi. Inamwaga mwanga kila upande kama mtoto anayekula ugali. Kiasi fulani kinaanguka kwenye jani, na hicho mmea unakula. Kingine kinapita kati ya majani, kinagonga ukuta. Hapo ndipo ukuta unaamua: ama unaumeza mwanga, ama unaurudisha mezani. Ukuta mweusi ni mlafi. Ukuta mzuri ni kama taa ya pili isiyohitaji stima. Ndiyo maana swali la kuta si la urembo.

Na kuta zetu, Mungu atusamehe, zilikuwa nyeupe juu na kahawia chini.

Mnajua rangi hiyo. Kila darasa, kila ofisi, kila zahanati huku kwetu, nusu ya chini ya ukuta hupakwa rangi ya giza ili uchafu usionekane. Mtu akiegemea, mtoto akigusa na mikono ya embe, hakuna anayejua. Tulipopokea ile stoo, fundi hakuuliza. Alipiga mstari ulionyooka kabisa kwenye usawa wa kifua, juu akapaka nyeupe, chini kahawia ya mafuta inayong'aa. Tukampigia makofi. Rafu zetu zilikuwa na urefu gani? Mpaka kifuani. Kwa hiyo mimea yote iliishi kwenye kahawia, na ile nyeupe nzuri ilikuwa inaangazia vichwa vyetu.

Aliyeilinda kahawia ile kuliko mtu yeyote alikuwa Syombua. Huyu alikuwa mama mzee kunishinda, aliyeajiriwa kufagia na kumwagilia, na aliyejua kila mche kwa sura. Mimi nilimwita Mwaitu, kama unavyomwita mama yako kwetu. Yeye aliniita "kijana" hata nilipokuwa na mvi, na mbele ya wageni ndipo aliponiita zaidi.

"Mwaitu," nilimwambia siku moja, "hii rangi ya chini inakula mwanga."

"Inakula uchafu," alinijibu. "Wewe utaosha?"

Nilikuwa na elimu, lakini kitambaa cha kuosha kilikuwa mkononi mwake.

Basi nikaanza kujaribu vitu vingine, kila kimoja na aibu yake. Alumini niliyomcheka yule kijana niliipachika mimi mwenyewe kwenye ukuta wa nyuma. Ukiitoa kwenye boksi ni laini kama kioo, lakini jaribu kuibandika bila mikunjo. Kila mkunjo unakusanya mwanga na kuutupa sehemu moja, kama mtoto anayechezea jua kwa kioo cha saa. Jani moja linapata mwanga wa majani matano, jirani yake hapati kitu. Tena inachanika ukiigusa kwa ufagio. Baada ya mwezi mmoja ukuta wetu ulikuwa unaning'inia vipande, na Syombua akawa anavitoa kimoja kimoja kufunikia sufuria yake ya muthokoi, yale mahindi yaliyokobolewa. Hapo, nakiri, vilifanya kazi nzuri sana.

Kisha nikajaribu chokaa. Chokaa ni nyeupe kweli, haing'ai, na inatawanya mwanga vizuri. Ningeisifu mpaka leo, kama si Mama Mutheu.

Mama Mutheu alikuwa mwenyekiti wa kikundi cha kina mama kumi na wanane kutoka Mukuyuni. Alikuja kwetu akiwa amevaa sweta la buluu iliyokolea la kina mama wa kanisa, akaegemea ukuta kusikiliza maelezo yangu marefu, na alipogeuka mgongo wake ulikuwa umetoka mweupe kama samaki aliyepakwa unga.

"Fundi," aliniambia akijaribu kujiangalia nyuma, "nimekuja kuchukua mihogo au kubatizwa?"

Chokaa inaachia. Inaachia kwenye nguo, inaachia kwenye maji, na unga wake ukidondoka kwenye trei unabadilisha udongo. Kama huna kitu kingine kabisa, itumie kwenye dari au mahali pasipoguswa. Pengine usitumie.

Lakini Mama Mutheu hakuja kwa ajili ya sweta, na hapa naomba mnisikilize vizuri, maana ndiyo sababu ya mambo yote yaliyofuata. Mbegu ya muhogo ni kijiti. Jirani anakata shina, anakupa, unapanda. Ni ukarimu mzuri kabisa, ila kijiti kikiwa na ugonjwa, unapewa na ugonjwa. Kule kwao Mukuyuni wote walikuwa wamepeana, mpaka mihogo ya kijiji kizima ikawa na majani yaliyokunjwa kama ngumi na mizizi isiyozidi kidole gumba. Kina mama wale walifanya jambo gumu: waling'oa mihogo yote, wakaichoma, wakakubaliana kwamba hakuna atakayeleta kijiti kutoka kwa shemeji wala kwa dada. Wangengoja miche safi kutoka chumbani kwetu, waipande kwenye mvua za Novemba.

Mnajua muhogo ni nini huku. Mahindi yakikataa, na mahindi yetu hukataa, muhogo ndio unaobaki ardhini ukingoja kuchimbwa. Kina mama wale walikuwa wamechoma akiba yao wakaniamini mimi. Kila wiki Mama Mutheu alipitia Salama kuona "watoto wake". Aliwahesabu. Akikuta mmoja amekauka, alitaka kujua alikufa saa ngapi.

Mwezi wa kumi, stima ilipanda ghafla na nusu ya taa zikaungua. Zilikuwa zile za mrija mrefu, si hizi zenu za kisasa. Mwanga ukapungua, na baada ya siku chache miche ikaanza kurefuka bila kunenepa, ikinyoosha shingo kama watu wanaotafuta jamaa yao kwenye umati. Mche unaorefuka hivyo ukiupanda shambani, upepo wa kwanza unaulaza. Niliagiza taa Kitui. Wakasema zitafika. Hawakusema lini.

Nilikwenda kwa Abdi kufikiria. Abdi alikuwa na duka la vifaa hapo Salama. Familia yake ilitoka kaskazini-mashariki, yeye mwenyewe alizaliwa hapa na alisema Kikamba kilichonyooka kuliko cha watoto wangu. Dukani kwake ungepata msumari, kamba ya mbuzi, na ushauri usioombwa. Siku hiyo, nyuma ya mifuko ya simiti, niliona vioo sita vikubwa, urefu wa mtu. Saluni ya barabarani ilikuwa imefungwa, akavichukua.

Kichwa changu kikawaka. Kioo! Ni kitu gani kinarudisha mwanga kuliko kioo?

"Nipe vyote," nikasema.

"Mzee Mutinda," Abdi aliuliza, "mihogo yako imeanza kusuka nywele?"

"Wewe nipe."

"Nakupa. Lakini kama kuna mche unataka rasta, niambie, nina uzi pia."

Nikavifunga vitatu ukuta wa kushoto, vitatu ukuta wa kulia, juu ya ile kahawia. Tulipowasha taa zilizobaki, chumba kilimeta hata nikakunja macho. Rafu zilionekana mara kumi, zikiendelea ndani ya vioo mpaka mbali. Nilijiona nimevumbua jambo. Syombua alisimama mlangoni na ndoo yake, haingii.

"Hupendi, Mwaitu?"

"Tangu uviweke umechana nywele mara tatu," alisema. "Na nywele zenyewe hakuna. Halafu mvua zinakuja."

"Mvua zina nini na vioo?"

Alinitazama kana kwamba nimeuliza moto una nini na nyasi.

Siku mbili baadaye nikaambiwa taa zangu zimefika Kitui. Nikamwachia Syombua funguo nikaondoka. Kule wakaniambia, njoo kesho. Kesho wakasema kesho. Nililala kwa binamu yangu, nikala isyo yake mpaka mahindi na maharagwe yakaanza kunitambua. Siku ya tatu mvua ya kwanza ikapiga, na ngurumo ambayo sijaisikia tena. Siku mbili nilizopanga zikawa tisa, na niliporudi nilikuwa na taa mbili tu.

Nilifungua mlango wa chumba. Nikaona vioo havipo.

Vilikuwepo, ila vilikuwa vimefunikwa. Ukuta wa kushoto ulikuwa umevikwa leso: ya buluu na nyeusi, ya zambarau, ya kijani ya majani makavu, zimefungwa juu kwa misumari na kufika hadi sakafuni. Ukuta wa kulia ulikuwa na shuka nyeupe, nzito, zenye alama za kukunjwa, zilizotandazwa zikanyooka kama kitanda cha bibi harusi.

"Mwaitu!" nikaita. "Umefunika vioo!"

Alikuja akipangusa mikono. "Ulitaka radi iingie ipige mihogo ya watu?"

Kwetu, ngurumo ikianza, kioo hufunikwa. Sufuria inayong'aa huingizwa ndani. Hata mimi mama yangu aligeuza kioo chetu kikatazama ukuta, na mimi na elimu yangu yote nikiwa nyumbani sijawahi kukigeuza kabla mvua haijaisha. Nilipaswa kujua. Yule mama aliachiwa peke yake chumba chenye vioo sita vya urefu wa mtu, mvua zikianza. Angefanya nini kingine? Alivuka ua hadi nyumbani kwake, akachukua leso zote alizokuwa nazo isipokuwa nyekundu, maana nyekundu nayo inasemekana huita radi. Zikatosha ukuta mmoja. Kwa ukuta wa pili akafungua sanduku, akatoa shuka alizopewa siku binti yake alipoolewa. Hajawahi kuzilalia hata siku moja. Shuka nyeupe, alisema siku zote, ni ya wageni. Na kwa sababu ngurumo ilikuwa inakwenda na kurudi kila alasiri, aliviacha vimefunikwa.

"Siku saba kwenye giza!" nilisema. "Mama Mutheu anakuja kesho. Nitamwambia nini?"

"Mwambie mihogo iko hai na nyumba haijaungua."

Nikageukia rafu ya kushoto, upande wa leso. Miche ilikuwa imekonda, imepauka, imeinama yote kwenda katikati kama watu wanaosikiliza umbea. Mingine ilikuwa imelala kabisa. Nikahesabu iliyokufa mpaka nikaacha.

Sikutaka kutazama kulia. Nikatazama.

Ilikuwa imesimama. Haikusimama tu, ilikuwa imenyooka kuliko nilivyoiacha, majani yamekuwa mapana, kijani cha chini sawa na cha juu. Taa zilikuwa zilezile. Maji yalikuwa yaleyale. Nikarudi kushoto, nikarudi kulia, Syombua akinifuata kwa macho.

"Kijana, umepoteza kitu?"

Kabla ya kusafiri, nilikuwa nimeona upande wa vioo majani machache yamebabuka kingo, kwenye mistari, na nikajifanya sikuona, kwa sababu nilikuwa mvumbuzi. Sasa madoa yale yalikuwa bado yapo kwenye majani ya zamani, na majani mapya yaliyotoka chini ya shuka hayakuwa na doa hata moja. Nikashusha shuka moja, kioo kikabaki wazi. Nikaweka kidole kati ya taa na jani, karibu na kioo: kikatoa vivuli viwili vitatu vyenye kingo kali, na kati yake mistari ya mwanga mkali. Nikaweka kidole hichohicho mbele ya shuka. Kivuli kilikuwa hafifu, kingo zake zimeyeyuka, karibu hakuna.

Hapo ndipo nilipoelewa, na ninyi mwelewe bila kupoteza mihogo. Kioo kinarudisha mwanga kama kilivyoupokea, mstari kwa mstari. Mahali pengine mwingi, mahali pengine hakuna. Na ule unaopita kwenye kioo kwenda na kurudi, kidogo kinabaki njiani. Kitu cheupe kisichong'aa kinauvunja mwanga na kuutawanya kila upande, unafika hata chini ya jani, hata kwenye pembe. Mmea haukuombi mwanga mkali. Unaomba mwanga wa haki.

"Mwaitu," nikasema, "hizi shuka zisitoke."

"Leso zangu je?"

"Leso zitoke zote. Sasa hivi."

Tukahamisha miche iliyobaki ya kushoto, tukaibana kulia karibu na shuka. Rafu ilijaa mpaka trei zikawa zinapishana. Mama Mutheu alipofika kesho yake, sikumficha. Nilimwonyesha waliokufa. Alisimama mbele ya trei zile muda mrefu, mikono kwenye kiuno.

"Waliobaki wanatutosha?" aliuliza.

"Wakipona wote, watatosha. Hakuna wa ziada."

"Na wakipona nusu?"

Akatazama ile shuka, akaigusa kwa vidole viwili kama mtu anayepima kitambaa sokoni. "Hii ndiyo imewaokoa hawa?"

"Weupe wake. Nataka chumba chote kiwe hivyo, kuanzia sakafuni. Kahawia iondoke."

Nikamgeukia Syombua, maana huyo ndiye niliyemwogopa. Akasema, "Nyeupe chini itaonyesha kila uchafu."

"Ndiyo, Mwaitu."

"Basi ikionyesha nitaosha. Hii kahawia ilikuwa inanidanganya."

Nimefanya kazi na watu wenye vyeti vya ukutani, na hakuna aliyenifundisha sentensi nzuri kama hiyo. Ukuta unaoficha uchafu unaficha na kuvu, unaficha na wadudu. Ukuta mweupe ni mwaminifu. Vumbi la malori ya barabara ya Mombasa likiingia, utaliona siku hiyohiyo, utalipangusa kwa kitambaa kibichi, mwanga utarudi. Sisi tulipangusa kila Jumatatu. Ukuta mweupe uliojaa vumbi jekundu ni kahawia tu iliyokuja polepole.

Kina mama wa Mukuyuni walikuja na brashi zao. Abdi alivipokea vioo vyake, akatoa rangi na kejeli kwa pamoja. Nilichagua rangi ya maji, nyeupe kabisa, isiyong'aa ikikauka. Usichukue ya mafuta: inameta kama kioo na kunuka kwa siku nyingi, na miche midogo haipendi harufu ile. Kwanza tulikwangua kahawia kwa msasa ili nyeupe ishike, kisha tukapaka nyembamba mara tatu, kila mkono ukauke kabla ya mwingine. Ukipaka nene mara moja inabambuka. Tulianza ukuta wa kushoto, dirisha wazi lenye wavu, na miche ikakaa kulia nyuma ya pazia la shuka moja. Ukuta ule ulipoacha kunuka, tukahamisha miche huko, tukapaka wa kulia. Walipaka wakiimba. Mama Mutheu alivaa sweta lilelile la buluu, na sikuthubutu kusema kitu.

Tulisubiri siku kumi na nne. Syombua aliimwagilia miche kwa kijiko. Kila asubuhi niliweka kidole mbele ya ukuta kutafuta kivuli, na kila asubuhi kilikuwa hafifu. Miche ya leso, ile iliyokuwa imeinama, ilianza kunyanyua vichwa mmoja baada ya mwingine. Kumi na mmoja haikunyanyuka. Mingine yote ilitoka nje, ikakaa wiki chini ya wavu wa kivuli, kisha ikapakiwa kwenye makreti kwenda Mukuyuni mvua ikiwa bado inanyesha. Kila mama alipata pungufu kidogo ya alichoahidiwa. Mama Mutheu mwenyewe alichukua ya mwisho, akapata michache kuliko wote, na akaipanda karibu na mlango wa jikoni ili aione akiwa anapika.

Nimeona vitu vingi tangu wakati huo. Ile plastiki nyeusi upande mmoja na nyeupe upande wa pili ni nzuri na inaoshwa kirahisi, ila nyeupe iwe ndani. Nacheka, lakini nimeingia chumba kimoja mjini Wote nikakuta mwenyewe amegeuza nyeusi ndani "kwa sababu inaonekana ya kisasa." Ile ya fedha inayometa, wanaoiuza wanaisifu, na kweli inarudisha mwanga mwingi. Lakini ni lazima iwe tambarare na imevutwa sawasawa, la sivyo unarudi kwenye mikunjo ya kuku. Na nyuma yake maji ya mvuke hujificha na kuotesha kuvu, kwa hiyo acha nafasi hewa ipite. Kama uko mwanzo na mfuko ni mwepesi, paka nyeupe isiyong'aa. Kama ni chumba cha kukodi na mwenye nyumba hataki rangi, tundika shuka. Usione haya. Kisha weka kidole uangalie kivuli. Kidole hakidanganyi.

Kwa hiyo wewe wa Kitui, ndiyo, toa alumini. Mpe mama yako afunikie sufuria.

Mwaka uliofuata kina mama wa Mukuyuni walivuna. Wakaja Salama na gunia la mihogo minene kama mkono wa mpiga ngumi. Kila mmoja wao alikuwa ameshakata vijiti vyake, safi, akampa jirani, na mara hii aliyepewa alipewa muhogo tu. Kwa Syombua walileta kifurushi. Zile shuka zake za kwanza zilikuwa zimeota ukijani wa unyevu pembeni na matundu ya misumari juu, na wao walilijua hilo. Walimnunulia jozi mbili mpya, nyeupe, nzito.

Alizishika, akazinusa, akazikunja tena kwenye alama zilezile.

"Mwaitu," nilimwambia, "hizi zilalie wewe mwenyewe. Umezichuma."

"Shuka nyeupe ni ya wageni."

"Wageni gani? Miaka yote hii sijaona mgeni amelala kwako."

Akaziweka kwapani, akachukua ndoo yake na kuelekea chumbani, ambako trei mpya zilikuwa zimeletwa asubuhi hiyo.

"Wageni wangu mimi," alisema bila kugeuka, "huja ndani ya chupa."